Fuawe Lisilo la Ardhi Hii

Mume wangu Ntongai alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache alipenda kuyasema kwa nyundo. Ukimsalimia, anagonga. Ukimwuliza kama amekula, anagonga mara mbili, maana yake bado. Mimi, Kajuju, ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba, na siombi msamaha, kwa sababu bila mdomo wangu wateja wangedhani karakana ile inakaliwa na majini. Tuliteremka kutoka milimani Meru tukahamia Isiolo kabla ya uhuru, yeye na nyundo zake, mimi na sufuria zangu za uji, na lile fuawe lake lililochukua nafasi ya kitanda chetu kwenye lori. Kitanda kiliachwa. Nilinuna mpaka tukafika.

Kama hujawahi kukaa na mhunzi, fuawe ni lile pande la chuma analolaza chuma chenye moto juu yake akakiponda. Wahunzi wengine pale mjini walitumia vipande vya reli, na kazi ikaenda. La Ntongai lilikuwa jeusi, zito la kuwatoa jasho wanaume wawili, na lilijaa vishimo vya mviringo kama donge la ugali lililobonyezwa na vidole. Babu yake alilikuta udongoni alipokuwa akichimba mashimo ya kupandia viazi vikuu, akasema ardhi imemzalia mtoto wa chuma. Tangu hapo ukoo wao ukawa na desturi. Watu wenye ugomvi usiokwisha walikuja kuapa juu ya fuawe hilo. Kila mmoja alilipiga kwa nyundo na kusema, "Ardhi iliyozaa chuma hiki inanisikia. Nikidanganya, inimeze." Mhunzi naye alikuwa na kiapo chake: maneno hayo yakiharibika, damu itakayomwagika iko juu yake na juu ya watoto wake. Mimi hufanyia mzaha kila kitu, lakini hapo nilijifunza kufunga mdomo.

Halafu ikaja miaka ya Shifta, vita vya serikali na wale waliotaka kaskazini iende Somalia. Isiolo ilijaa askari na malori. Jua likizama hakuna kutoka nje, na wafugaji wengi walikusanywa wakakaa mahali pamoja chini ya ulinzi, mifugo yao ikikonda. Kwenye barabara ya kwenda Ngaremara kuliwekwa kizuizi, karibu sana na karakana yetu, hata askari wakawa wananywa uji wangu na bunduki magotini. Jina la mtu likitajwa mbele yao, anachukuliwa. Wengine walirudi wakichechemea. Wengine hatukuwaona tena, na nani angeuliza?

Mwaka wa sitini na tano watu wenye bunduki walimwua Mturkana mmoja aliyeitwa Erot, barabarani kule Ngaremara, wakaondoka na mbuzi wake. Kaka yake mkubwa alikuwa Emuria, mchuuzi wa mbuzi, mteja wangu wa uji. Sasa, kando ya barabara ile ile alikaa Isacko, Mborana muuza maziwa, na hori lake la kunyweshea ng'ombe lilionekana kutoka mbali. Emuria alikuwa na swali moja lisilomtoka kichwani: watu wale walipitaje pale bila Isacko kuwaona? Hao wawili walijuana tangu wakichunga ndama. Wazee wa pande zote mbili waliogopa kwamba Emuria atataja jina la Isacko kizuizini, au atachukua mkuki wake mwenyewe, na baada ya hapo kila boma litalia.

Wakatafuta kiapo. Isacko alikuwa tayari kushika msahafu, lakini Emuria alisema hicho ni kitabu cha Isacko, kitamhurumia mwenyewe. Emuria alitaka mbuzi achinjwe, wazee wasome matumbo yake, Isacko akasema dini yake haimruhusu kukaa mbele ya jambo hilo. Walibishana wiki nzima. Mwisho wakaona heri waape kwa kitu kisicho cha huyu wala cha yule, wakaja kwa Mmeru.

Isacko alipiga fuawe na kuapa kwamba hakuwaona waliomwua Erot. Emuria alipiga na kuapa kwamba hatamgusa Isacko wala kutaja jina lake kwa askari. Ntongai akaweka kiapo chake cha damu, na mimi nikakoroga uji wa kila mtu. Mambo yakatulia. Emuria alirudi kwenye benchi langu na Isacko akaendelea kuniletea maziwa kila asubuhi. Kitu kimoja tu kilibadilika: Isacko alianza kutembea na kigoda. Wengine walichuchumaa au kukaa chini kivulini, yeye akawa anakaa juu ya kigoda chake na miguu ameiweka juu ya jiwe. Nikawa namwita Bwana DC. Hakuwahi kucheka.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, asubuhi, Landrova ya serikali ilikuja ikiinama upande mmoja kama punda mwenye jeraha. Springi ilikuwa imekatika. Aliyeshuka alikuwa kijana wa kwetu milimani, Kirimi, amesoma ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kuchunguza mawe ya kaskazini. Askari wawili waliokuwa wakimlinda walikwenda kupiga gumzo na wenzao kizuizini. Nilimtazama huyo kijana mwenye soksi ndefu nikajiambia, mama yake alimpeleka ng'ambo ili aje aokote mawe Isiolo, ambako hata mtoto wangu wa mwisho anaokota bila mshahara.

Ntongai alianza kufanya kazi. Kirimi alisimama kando akipepesa macho, halafu akaacha kupepesa. Alikuwa anatazama fuawe. Alipiga magoti mbele yake na soksi zake zile, akavipapasa vile vishimo, akabandika sumaku ikang'ang'ania. Akaomba ruhusa ya kusugua pembe moja kidogo kwa tupa. Ntongai akakubali kwa kichwa, maana mtu anayependa chuma hakumkatalia. Kirimi akasugua mpaka mahali pa upana wa kucha pakang'aa, akatoa kichupa chenye kizibo cha kioo, akadondosha matone ya dawa kali, akangoja, akapangusa. Akatuita tutazame.

Palikuwa na mistari. Mistari iliyonyooka, iliyokatana kwa kupangika kama ususi wa kiondo, ndani ya chuma, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu uliowahi kufika. Nilipigwa na butwaa. Miaka yote niliyokaa na pande lile, nikalifuta vumbi, nikalilaani kwa ajili ya kitanda changu, sikujua kwamba tumboni limesukwa.

"Mzee," Kirimi akamwambia Ntongai, "hii chuma haikutoka kwa ardhi. Ilianguka kutoka juu."

Kijana wa watu, furaha ilikuwa imemjaa mpaka anameza maneno. Alisema chuma cha namna hiyo hupoa polepole mno, miaka mamilioni, ndani ya vitu vinavyozunguka huko mbali kati ya nyota, na mistari ile ndiyo ushahidi, kwa kuwa hakuna tanuri la binadamu linaloweza kuifanya. Alisema hata miaka kumi na mitano haijapita tangu wataalamu wa Amerika walipopima risasi iliyomo ndani ya kipande kama hicho, madini ya risasi, si ya bunduki, wakapata kwa mara ya kwanza umri wa dunia: miaka milioni elfu nne na mia tano. Wateja wangu wa uji waliacha kunywa. Alisema mwaka huo huo tuliokuwa nao, mwezi wa pili, Warusi walikuwa wameteremsha mtambo juu ya mwezi, ukapiga picha za mawe yaliyotapakaa chini kama njia ya Marsabit, ukazituma mpaka huku. Mzee mmoja kwenye benchi alitoka nje kuutafuta mwezi, mchana, aone kama umeharibika.

"Watu wanajenga roketi waende kutafuta kitu kama hii," Kirimi akasema, "na wewe unaigonga kila siku."

Mimi sikuwa nasikia vizuri tena. Nilikuwa namtazama mume wangu. Uso wake ulikuwa umegeuka majivu. Nyundo ilimtoka mkononi ikaanguka, na sikuwahi kumwona Ntongai akiangusha nyundo. Akauliza jambo moja tu, taratibu.

"Ardhi haijui hii chuma?"

Kirimi akacheka. Hakujua. Angejuaje, amekulia kwenye vitabu. Akajibu kama mtu anayetania na mzee wake, "Haijui kabisa. Huyu ni mgeni tu, alianguka kwa shamba ya watu."

Hapo benchi langu likawa tupu. Sikuwaona wakiondoka, niliona bakuli tu zimeachwa na uji ndani. Kwa Wameru na Waturkana na Waborana waliokaa pale, jambo lile halikuhitaji kufafanuliwa. Ardhi iliyozaa chuma hiki inanisikia. Na ardhi haikukizaa! Basi haikumsikia mtu. Viapo vyote vilivyopigwa pale tangu enzi za babu vilikuwa kelele za nyundo, na kile cha Emuria kwanza kabisa. Jina la Isacko sasa lilikuwa linaning'inia kwenye ulimi wa Emuria bila kitu cha kulishika, na likianguka, damu ya Isacko iko mlangoni kwangu, juu ya mume wangu, juu ya watoto wangu.

Hasira zilinipanda. Nilimshika Kirimi mkono nikamweleza yote kwa Kimeru, haraka haraka, na nikamwambia atoke sasa hivi akaseme sokoni kwamba amekosea. Niliona anavyoelewa, kidogo kidogo, na furaha ikimwagika usoni pake kama maji kwenye ungo. Halafu akasema ataomba msamaha kwa kila mtu ninayemtaka, lakini hawezi kusema chuma ni cha pale, kwa sababu si cha pale. Nilimwita majina ambayo sitayaandika.

Emuria akaja. Alitoka soko la mifugo na fimbo yake, akapita upande wa nyuma wa Landrova, akasimama kivulini mwake. Hakutusalimia.

"Fundi," akamwambia Ntongai, "hii maneno ya sokoni ni ya kweli?"

Nilimkonyeza mume wangu. Nilimkanyaga mguu. Mtu anayejibu kwa nyundo maisha yake yote, siku hiyo angeweza kugonga tu tukapona. Lakini Ntongai alimtazama Emuria akasema ni kweli, kwamba mistari ameiona kwa macho yake, kwamba babu yake hakudanganya bali hakujua. Emuria alitikisa kichwa polepole. Akasema basi yeye hana kiapo tena. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonitia baridi mgongoni. Akageuka akawa anatazama kizuizini, walikokuwa askari.

Kabla hajapiga hatua, tukamsikia Isacko. Alikuja mbio upande wa mbele, kanzu ameishika, kibuyu cha maziwa kinamgonga ubavuni. Emuria alikuwa amefichwa na gari, Isacko hakumwona. Hata salaam aleikum aliisahau. Alimwuliza Ntongai lile lile swali, mara mbili, na Ntongai akampa lile lile jibu.

Isacko akaweka kibuyu chini. Kigoda hakuwa nacho. Akaangalia udongo miguuni pake, akaugusa kwa kidole cha mguu kama anayepima maji, halafu akakaa. Akakaa chini mavumbini, mzima mzima, akanyoosha miguu yake miwili mbele, akaupigapiga udongo kwa viganja, na machozi yakaanza kumtoka huku anacheka. "Alhamdulilahi," akasema. "Alhamdulilahi."

Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa, mimi mwenye mdomo na macho. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu. Ndipo nikamwona Ntongai amejishika kichwa, na nikakumbuka kigoda, miguu juu ya jiwe, mwaka mzima mtu anaogopa kukanyaga ardhi na mimi namwita Bwana DC. Mtu mwenye kiapo cha kweli angekuja analia kwa hofu ya ulimi wa Emuria. Huyu alikuwa amefurahi.

Emuria akatoka nyuma ya gari.

"Uliwaona," akasema.

Isacko alibaki amekaa na mikono mavumbini. Kicheko kilimkauka. Niliona anatafuta uongo, anautafuta kweli kweli, na hakuupata.

"Niliwaona," akasema.

Akaeleza. Walifika kwake alfajiri wakataka maji, wanywe wao na ngamia wao. Mmoja alikuwa binamu wa Faduma, mkewe. Huyo ndiye aliyemwambia kwamba wakisikia mmoja wao ametajwa, watarudi waanze na watoto wa Isacko. Aliwapa maji. Wakaelekea upande wa barabara. Mchana akasikia Erot amekufa. Baadaye wazee wakaja na habari ya kuapa, na akikataa kuapa itakuwa amekiri. Akaapa. Tangu siku hiyo, alisema, kila ndama akikwama shimoni anaona ni yeye anayefuata.

Ntongai alisimama katikati yao. Mume wangu yule, mtu wa kugonga, alimwambia Emuria kwamba fuawe ni lake, kiapo kilikuwa bure, na aliyempa kiapo cha bure ni yeye. "Kama ni damu," akasema, "anza na mimi."

"Wewe hukujua," Emuria akamjibu. Akanyoosha fimbo kwa Isacko. "Huyu alijua."

Akaondoka kuelekea kizuizini. Hakukimbia. Isacko hakuinuka, hakujaribu hata kutoroka, na angetoroka aende wapi, barabara zote zilikuwa na bunduki. Kirimi alisimama na tupa yake mkononi. Tulimwona Emuria amefika, anazungumza na askari. Tulimwona anageuka. Tulimwona ananyoosha fimbo ile ile moja kwa moja kuelekea karakana yetu, na askari wawili wakachukua bunduki zao wakaja naye.

Nilianza kuomba. Sikumbuki niliomba nini.

Askari walitupita. Walimpita Isacko mavumbini kama kwamba ni gunia, wakamwendea Kirimi, kwa kuwa ndio waliokuwa wakimlinda, wakampigia saluti, wakamwambia wameambiwa gari limepona na bwana anataka kuondoka. Kirimi aliwatazama, akatutazama sisi, akaitia tupa yake mfukoni. Springi ilikuwa imefungwa nusu. Ntongai aliiokota nyundo yake na kukaza iliyobaki, na gari likaondoka na mchunguzi wa mawe ndani yake, ameshika kichupa chake kwa mikono miwili.

"Aende," Emuria akaniambia mimi, "kabla ya kutuambia kitu ingine."

Sijui hata leo kama alikuwa anatania. Nilimwuliza, nilishindwa kujizuia, kwa nini hakumtaja. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Hiyo chuma ni ya juu," akasema. "Mdomo iliyoapa ni yangu." Halafu akamwinamia Isacko, akamwambia kwamba kesho yeye Isacko atakwenda Ngaremara kwa Akiru, mama yake Erot, na atamwambia yote yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Isacko alianza kulia upya. Akamsihi. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema afadhali aitiwe askari.

Alikwenda. Ntongai alifuatana naye, kwa kuwa ile damu aliiona bado ni yake, na ruhusa ya kupita kizuizini aliipata kwa kusema wanakwenda kurekebisha bawaba ya mlango wa kanisa. Yaliyotokea huko niliyapata kwake jioni hiyo, neno moja moja.

Akiru alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, shanga zake zote shingoni. Emuria alisimama kando. Isacko alisema yote: alfajiri, ngamia, maji, binamu, kiapo. Mama alisikiliza bila kuinua uso. Alipomaliza, alimwuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemwuliza, si wazee, si Emuria, si sisi. Alimwuliza kama siku ile Erot alipita kwake, maana Erot hakuwahi kupita kwa Isacko bila kusimama.

"Alipita," Isacko akasema. "Baada yao."

Erot alikuwa na mbuzi wake, anakwenda upande ule ule waliokwenda wale watu. Isacko alimwona anakuja, akamkaribisha, akampa maziwa, wakazungumza habari za malisho, na binamu wa mkewe alikuwa amesema wataanza na watoto. Akamwacha aende bila kumwonya.

Emuria aliketi chini ghafla.

"Maziwa alikunywa?" mama akauliza.

"Alikunywa."

"Alimaliza?"

"Alimaliza. Akaniomba ingine, nikampa."

Mama akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubali bei.

"Basi hakukufa na njaa," akasema.

Ntongai alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nilikuwa nimempakulia chakula. Hakukila, nikakifunika.